Kaa Mwenye Makasia

Jumamosi ya salongo, watu wote wa Kamalondo walipotolewa nje na majembe kusafisha mifereji kwa amri ya chama, jembe la Adija liliibua gamba jekundu nyuma ya ua wa Habiba. Lilikuwa gamba pana kuliko kiganja, lenye meno ukingoni kama msumeno, na kila upande limechomoza mwiba mrefu. Mtu mwenye staha angelifukia akaendelea kuchimba. Adija alilipachika kwenye ncha ya jembe, akaliinua juu, akauliza kwa sauti ya kuitia kuku ni nani katika mtaa huu anayepika nkala zenye pembe. Swali lilikuwa la bure, maana macho yake yalikuwa yamekwisha kuelekea jikoni kwa Habiba.

Nkala ndiyo kaa, kwa maneno ya kule. Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa unasema Habiba amekula nkala. Baada ya alasiri, Habiba alikuwa amepika nkala. Magharibi ilipoingia, alikuwa ameipika ndani ya sufuria ya maulidi, na kuna waliokuwa tayari kuapa kwamba siku ile pilau ilikuwa na harufu ya tope, ila walilisema jambo hilo kimoyomoyo tu. Wala wasingeweza kukuambia ni siku gani.

Kwa Waislamu wa Kamalondo, watoto na wajukuu wa watu waliotoka Maniema, Ujiji na pwani, nkala ni mwiko. Hawamkatai kwa sura yake, ingawa sura nayo haimsaidii. Wanamkataa kwa makazi yake. Walifundishwa kwamba samaki ni halali, lakini mnyama anayeishi pande mbili, mara majini mara nchi kavu, haliwi. Na nkala wa mto Kafubu kila mtu amemwona: mviringo kama andazi, rangi ya tope, miguu yake yote imechongoka ncha, anachimba shimo ukingoni, na mvua ikinyesha anatoka kutembelea mahindi ya watu kana kwamba yeye ndiye aliyelima. Jirani zao Wakatoliki wanamchoma na kumla, hakuna anayewasema, na hakuna sababu ya kuwasema. Lakini Habiba hakuwa jirani tu. Habiba ndiye aliyekuwa mpishi wa maulidi.

Sufuria yenyewe ilikuwa ya shaba, imepakwa bati ndani, pana kiasi kwamba mtoto angeweza kuogea. Baba yake Habiba, fundi shaba, ndiye aliyeifua, akaitoa wakfu kwa msikiti wa mtaa. Desturi ikawa kwamba sufuria ni ya msikiti, ila inalala jikoni kwa mwanamke anayepika nayo, na mwanamke huyo hapigiwi kura. Anaipokea kutoka kwa aliyemfundisha. Mama yake Habiba alipika nayo mpaka viganja vikakataa kufumba, kisha ikaja kwa Habiba. Harusi, arobaini, maulidi, zote zilipita katika mwiko wake, na mwanamke ambaye sufuria ile imelala kwake ndiye anayesalimiwa kwanza popote anapoingia. Adija, mke wa Yuma mchuuzi wa samaki wakavu, alikuwa na vitenge vya wax vya kubadilisha kila Ijumaa, redio ya betri, na mume mwenye abakosi tatu, zile suti za chama zinazovaliwa bila tai. Hakuwa na sufuria. Na maulidi yalikuwa yanakaribia.

Sasa, kaa alikuwa wa kweli. Habiba hakukana hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyowaudhi zaidi wale waliotaka kumwona akikana. Amadi, mume wake, alikuwa mpakuzi katika chumba kikubwa cha barafu karibu na stesheni, mahali ambapo mabehewa ya samaki wa bahari waliogandishwa yalifikia kutoka Lobito. Siku moja katoni ya kaa, iliyoagizwa kwa ajili ya karamu ya wakubwa wa mgodi, ilifika imepasuka, wakubwa wakaikataa, msimamizi akawaambia wapakuzi wagawane. Wengine walicheka, wakaacha. Amadi alichukua, kwa sababu mkewe alikuwa amemwomba kitu hicho tangu zamani, akiamini hakitapatikana kamwe.

Na hakukiomba kwa ajili ya tumbo lake. Alimwombea Bibi Kulthumu.

Bibi Kulthumu alikuwa mama mzazi wa Yuma. Alizaliwa pwani, huko kwenyewe, akaolewa na mfanyabiashara wa Maniema aliyemleta bara kwa reli na kwa meli ya ziwa, na tangu siku hiyo hakuyaona tena maji ya chumvi. Sasa alikuwa mzee, macho yameingia ukungu, analala katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mwanawe, kati ya magunia ya samaki wakavu. Habiba alikuwa akipita kumsuka nywele, kwa sababu hapo nyumbani hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsuka. Aliona jinsi mkono wake ulivyokuwa ukipungua ndani ya bangili. Chakula kililetwa, hilo lazima lisemwe: bukari, ule ugali wa kule, na kipande cha samaki kilichovunjika njiani, kile kisichouzika. Kiliwekwa mlangoni kikapoa, na kilipopoa kikaondolewa. Bibi hakulalamika. Alisema tu kwamba ulimi umekufa, na kwamba kama angeonja kaa wa kwao mara moja, labda ungeamka. Alipomwambia mwanawe, Yuma alimjibu kwamba nkala haiingii nyumbani mwake, hata mama akiililia.

Basi Habiba alimpika kaa yule katika chungu kidogo cha nyumbani, juu ya mbabula yake, jiko la makaa, kwa nyanya, ndimu na pilipili, akamchukulia Bibi ndani ya bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Bibi alikula. Alivunja magamba kwa jiwe, akafyonza kila mguu, akalala usingizi wa mtu aliyeshiba, na kesho yake akaomba uji. Lakini kabla ya kula alikuwa amemshika Habiba mkono, akamwapisha asimwambie mtu yeyote. Alisema mama anayeomba chakula nje anamvua mwanawe nguo mbele za watu, na yeye hakumzaa Yuma ili aje amvue nguo. Habiba akaapa. Magamba akayarudisha kwake ndani ya bakuli, akayafukia nyuma ya ua wake.

Ndiyo maana ile Jumamosi, huku Adija akilipitisha lile gamba juu ya jembe kama bendera ya chama, Habiba alisimama na pakacha la takataka kichwani, hakusema neno. Hasira ilimpanda. Mke wa Yuma alikuwa ameshika mkononi mabaki ya chakula cha mama mkwe wake, chakula pekee alichokula kwa hamu mwaka ule, na alikuwa anakitumia kumchomea mwenzake.

Siku iliyofuata wanawake walikuja kuchukua sufuria. Hawakuja wote, walikuja wale ambao siku zote hupata pilau ya pili. Habiba aliwakaribisha, akawaambia kwamba kaa alipikwa katika chungu kile pale, cha udongo, na sufuria ya maulidi ilikuwa imefunikwa juu ya kichanja chake. Wakasema mvuke hupanda. Akawaambia hata kama ungepanda, na hata kama kaa yule angekuwa haramu, sheria ya chombo kilichoguswa ni kukiosha. Hapo Adija akatoa neno alilokuwa amekuja nalo tangu nyumbani.

"Sufuria tutaisugua na majivu," alisema. "Ile mukono yako njo tutaisugua na nini?"

Wengine waliinamisha macho. Hao walikuwa wamekula kutoka katika mkono ule siku walipozika mama zao, siku walipowaoza watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyesema mkono ule ni safi. Habiba aliketi juu ya sufuria iliyofunikwa, akawaambia kwamba anayeitaka aende kwa Shehe Asumani wa msikiti, shauri likatwe, na mpaka hapo atakayeigusa atamwinua kwanza yeye. Habiba hakuwa mwanamke mwembamba. Wakaondoka.

Jioni Amadi alimwambia aseme ukweli na yaishe. Alimwambia neno moja tu linatosha: taja jina la aliyekula. Habiba akamjibu kwamba kiapo hakina bei ya sufuria. Amadi akakasirika, akasema Yuma hangemfichia yeye hata kikohozi. Habiba akasema anajua, na kwamba hilo ndilo linalomfanya atamani kulia, kwa sababu aibu anayoibeba ni ya Yuma, na nyumba ya Yuma mwenyewe ndiyo inayoipiga mjeledi ili ikimbie zaidi. Hakulia hata hivyo. Aliuliza kama kuna kaa mwingine aliyebaki. Amadi akasema yupo mmoja, amemficha ndani ya gunia pembeni mwa chumba cha barafu, alikuwa amemwekea Bibi.

"Mulete," Habiba alisema. "Kama banataka kuhukumu nyama, baione."

Shauri lilikaa barazani mwa msikiti baada ya alasiri. Shehe Asumani alikuwa fundi cherehani siku za kawaida, mshonaji wa kanzu, na miaka hiyo mshonaji wa abakosi pia, maana ndiyo nguo iliyotakiwa. Alikuwa mtu wa polepole, anayepima mara mbili kabla ya kukata. Wanaume walikaa mkekani, wanawake upande wa ukuta, na Habiba akasimama kizingitini kwa sababu hakuna aliyemsogezea nafasi. Hilo pia aliliona, akaliweka moyoni pamoja na mengine.

Yuma alisimama kwanza. Alizungumza vizuri, kama mtu aliyezoea kuuza, na tumwamini kwamba alichokisema alikiamini.

"Miye niko nanunua samaki ku Kilwa tangu zamani," alisema. "Nkala ya Mweru niko naiyua. Asubui iko mu maji, mangaribi iko ku inchi kavu, iko natembea. Kintu yenye iko na nyumba mbili, siye hatuikule. Kama muntu anaikula kwa siri, anayua mwenyewe juu ya nini anafichama."

Kilwa anayoisema ni ile ya kando ya ziwa Mweru, ambako malori yake yalitokea kwa njia ya Kasenga na Kasomeno yakirudi yamejaa samaki na vumbi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wote walikuwa wamemwona nkala wa mto, Yuma amemwona wa ziwa, na kwa hesabu yao kaa wa dunia nzima alikuwa amekwisha kuonekana. Maji ambayo mtu hajafika, nani angedhani yana kaa wa namna nyingine?

Shehe akamwita Amadi, naye akafungua gunia. Kaa alilala juu ya mkeka akitoa moshi wa baridi, na walio karibu wakasogea nyuma. Hakuwa nkala. Hata mwenye ubishi aliona kwamba hakuwa nkala. Gamba lake lilikuwa pana kushinda urefu wake, bapa, la kijani kibichi kilichochanganyika na kijivu kabla moto haujaligeuza jekundu, lina meno mbele kutoka jichoni hadi ubavuni, na jino la mwisho kila upande limerefuka likawa mwiba. Makoleo yake yalikuwa marefu membamba yenye buluu kwenye ncha, na tumbo lake jeupe kama kauri. Macho yalisimama juu ya vijiti vyake. Shehe Asumani, aliyekuwa hapendi kushika kitu chenye baridi, alimgeuza kwa kipande cha chaki ya kuchorea nguo, akahesabu miguu, akafika kwa ile ya nyuma kabisa, akaisogelea. Miguu ile haikuwa na ncha. Mwishoni ilikuwa imepanuka, myembamba, mviringo, kama makasia ya mtumbwi, na pembeni ina vinywele.

"Huyu anaogelea," Shehe alisema taratibu.

Lakini Yuma hakuwa mtu wa kushindwa na mguu.

"Bata nayo iko na kasia ku miguu," alisema, "na analala mu nyumba ya kuku."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimuuma Habiba kuliko maneno. Ubaya wake ni kwamba neno lenyewe lilikuwa na akili. Shehe naye alilikubali. Akasema mguu unaonyesha anachoweza kufanya mnyama, hauonyeshi anakoishi, na kitabu hakikuuliza anaweza nini, kimeuliza anaishi wapi. Kama nyumba yake ni maji peke yake, basi ni chakula cha bahari kama samaki. Kama ana nyumba mbili, Yuma amesema kweli, na sufuria itahama. Kisha akatazama mkeka wote.

"Nani kati yetu alifikaka ku bahari?" aliuliza.

Wajukuu wa watu wa pwani walikuwa wamejaa pale, wenye majina ya pwani na kofia za pwani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulowesha kisigino katika maji ya chumvi. Shehe akamgeukia Habiba, akamuuliza kama alimla peke yake, au kuna mwenye kumjua kaa huyu aliyekula naye na anayeweza kushuhudia.

Jina lilifika mpaka kwenye meno. Habiba alilihisi pale, zito kama punje ya jiwe katika wali. Angelitema tu na kila kitu kingegeuka: Adija angeinama yeye, Yuma angekosa pa kuweka uso. Akakumbuka Bibi alivyomshika mkono. Akajibu kwamba hatataja mtu, na kwamba Mungu anajua kaa yule aliingia mdomoni mwa nani.

Mkeka ukanung'unika. Kwa watu wengi ukimya ni ungamo, na Yuma akaona mlango uko wazi, akaingia nao kwa miguu yote miwili. Akasema hahitaji kutafuta shahidi mbali.

"Mama yangu ni muntu wa pwani ya kweli, hakuna mungine hapa," alisema. "Angekuwa na nguvu, angewaambia: bantu ba heshima ba kule habakulake ile kintu. Miye naapa juu yake."

Habiba akamtazama. Alikuwa amemkasirikia Yuma siku zote hizo, lakini hii ilikuwa hasira ya namna nyingine, tulivu kabisa, kama makaa yaliyokwisha kuacha moshi. Alikuwa ameapa asiseme. Hakuapa kumzuia mwana kumwita mama yake.

"Basi bamuulize," alisema.

Yuma akasema mama anaumwa, asisumbuliwe. Shehe Asumani alikuwa amekwisha kusimama na kuvaa viatu, maana mtu akiapa kwa jina la shahidi aliye hai, umbali wa nyumba tano tu, shahidi huendewa. Akamwambia Amadi amchukue kaa. Wakatoka barazani kundi zima, wanaume mbele na wanawake nyuma, Adija akijaribu kuwapita ili afike kwake kwanza, asiweze, kwa sababu Habiba alikuwa anatembea katikati ya njia.

Chumba cha nyuma kilikuwa na giza na harufu kali ya samaki. Ilibidi magunia mawili yasogezwe ili Shehe apate pa kupiga goti. Bibi Kulthumu alikuwa ameketi juu ya mkeka wake na shuka mabegani, na kando ya mlango palikuwa na sahani ya bukari iliyokauka ukingo, nzi juu yake. Shehe alimsalimu, akamwomba radhi, akamwambia kuna kiumbe watu wamekibishania, wanataka aseme kinaishi wapi. Hakumwambia zaidi ya hapo, wala hakumwambia ni shauri la nani. Amadi akamwekea mapajani kaa, ambaye barafu yake ilikuwa imeanza kutoa maji.

Macho yake hayakuona, lakini vidole viliona. Vilitembea juu ya gamba, vikafuata meno moja moja mpaka kwenye mwiba, vikasimama hapo kidogo, vikashuka kwenye makoleo, vikageuza tumbo na kugusa kile kifuniko chembamba cha chini.

"Dume," alisema. Alisema Kiswahili cha kwao, ambacho hata miaka yote ya bara haikukigusa. "Na mwiba huu, marehemu baba ulimtoboa gumba, akashindwa kuvuta wavu mwezi mzima."

Shehe akamuuliza kama kaa huyu hutembea nchi kavu.

"Kwa miguu gani?" Bibi alikuwa ameshika lile kasia kati ya vidole viwili, akilipepea. "Huyu mwogeleaji, mwanangu. Hulala chini majini, amejifukia mchangani, macho tu nje, akinyemelea vidagaa. Ukimtoa majini hafiki sokoni mzima, ndiyo maana tulikuwa tunawakimbiza na ndoo. Anayetembea nchi kavu ni mwingine, yule mdogo mweupe wa macho marefu, anayechimba mashimo ufukoni. Huyo hatukumla. Huyu tulimla siku za wageni."

Kisha akainua uso, akanusa, akautafuta upande ambao nguo za Habiba zilikuwa zinanukia moshi wa jiko, akanong'ona kana kwamba wako wawili tu.

"Habiba, umeniletea mwingine? Yule wa mwanzo nilimmaliza mpaka vidole vya miguu. Mwambie tu Amadi asihangaike na barafu, mlete hivi hivi, ila usimwambie Yuma."

Pale mlangoni Yuma alisimama na abakosi yake, kitufe cha shingo kimefungwa. Hakuna aliyemtazama, na kutotazamwa kule kulikuwa kubaya zaidi. Shehe Asumani akasema kwa sauti ya kawaida kwamba amesikia. Kaa wa bahari mwenye makasia nyumba yake ni moja, maji, na ni halali. Mkono uliompika ni safi. Sufuria inabaki inapolala.

Na hapo, utadhani aliyekuwa amesemwa ni mtu wa nchi nyingine, watu wakaanza kuchangamka. Mmoja akasema yeye tangu mwanzo aliona kwamba haikuwa nkala. Mwingine akauliza pilau ya mwaka huu itakuwa ya mbuzi au ya ng'ombe. Adija alimshika Habiba kiwiko, akamwambia basi, mwenzangu, maneno yamekwisha, twende zetu.

"Hapana, haiyaisha," Habiba alisema.

Hakupaza sauti. Alitoa kiwiko chake, akainama, akaichukua ile sahani ya mlangoni pamoja na nzi wake, akaiweka mbele ya Shehe.

"Mulikuya bote kuangalia kintu gani iliingia mu sufuria yangu. Hata mvuke yake muliipima. Hii sahani iko hapa kila siku, na hakuna muntu alikuya kuiangalia. Huyu mama iko nakufa na njaa mu nyumba ya samaki, na munauliza mukono ya nani iko chafu."

Bibi Kulthumu alianza kusema kwamba mwanawe ni mtu mwema, ana kazi nyingi, barabara ya Kasenga ni mbaya. Habiba alipiga goti, akamwomba msamaha kwa kuwa yamejulikana, akamwambia kwamba yeye hakusema. Bibi akasema anajua, na kwamba sasa yamekwisha kujulikana basi hata pilipili iongezwe.

Habiba akasimama. Alimwambia Shehe kwamba maulidi atapika, kama baba yake alivyotaka, lakini Bibi hatalala usiku mwingine kati ya magunia. Atahamia kwake leo, na atarudi hapa siku atakayopenda yeye mwenyewe, katika chumba chenye dirisha. Wakikataa, waichukue sufuria sasa hivi. Adija atapika, nao watakula.

Yuma ndipo alipopata ulimi. Hakuwa na ukali tena, alikuwa kama mtu anayeomba apunguziwe bei.

"Mama Habiba," alisema, "mama yangu akiishi kwa bantu bengine, mu mutaa batasema nini?"

"Batasema," Habiba alimjibu. "Juu yangu balisema. Sikukufa."

Shehe Asumani akakubali kwa kichwa. Yuma akafungua kitufe cha shingo, akachuchumaa mbele ya mama yake na kumgeuzia mgongo. Bibi alimpapasa mabega kujua ni nani, akapanda. Kaa alibaki naye mkononi, hakukubali kumwachia mtu, na maji yake ya barafu yakawa yanatiririka juu ya abakosi ya mwanawe. Wakatoka barabarani jua bado lipo juu, watu wamesimama milangoni kila upande, cherehani zimenyamaza, hata baa ya pembeni imepunguza santuri. Yuma hakuinua uso. Habiba alitangulia mbele kuwafungulia lango la ua wake, anatembea haraka, hasira haijamwisha.